Pete ya Kuvutia Gari: Mahali Ilipo na Namna ya Kuitumia kwa Usalama

Gari linapokwama katika barabara ziendazo mpakani, aghalabu wa kwanza kufika si askari wala fundi, bali ni wananchi wa kijiji cha karibu. Vijana huja na kamba, dereva wa lori husimama, na kila mtu hutamani kusaidia. Huo ni uungwana ustahilio sifa. Lakini msaada usio na maarifa huweza kugeuka msiba, kwa kuwa kamba iliyofungwa mahali pasipofaa hung'oa chuma na kukirusha kwa nguvu iwezayo kuua. Somo letu la leo lahusu kifaa kidogo kilichowekwa ili kuzuia maafa hayo: pete ya kuvutia gari, hasa katika magari ya spoti.

Kwa nini pete haionekani

Lori huwa na kulabu nene iliyo wazi mbele. Gari la spoti halina. Bampa lake huteremka karibu na ardhi na kufunika kila kitu, ili upepo upite kwa wepesi na sura ipendeze. Kwa hiyo watengenezaji wa magari mengi ya kisasa, Subaru Impreza WRX likiwa mojawapo, hufanya pete iwe kipande cha pekee kinachochomekwa wakati wa haja tu. Magari ya mashindano yako kinyume cha hayo: kanuni za FIA zaagiza pete iwepo mbele na nyuma, ionekane wazi, na ipakwe rangi ya manjano, nyekundu au ya machungwa, ili waokoaji wasipoteze muda kuitafuta.

Kuitafuta

Fungua buti, uinue zulia, utazame penye jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba. Pete ni chuma kifupi chenye hesi upande mmoja na tundu kubwa upande wa pili. Kisha tafuta kifuniko kidogo, cha mviringo au cha mraba, kwenye bampa. Baadhi ya vifuniko husukumwa ukingo mmoja navyo hufunguka. Vingine hubanduliwa kwa bisibisi iliyozungushiwa kitambaa ili rangi isichubuke. Ndani yake mna tundu lenye hesi.

Magari mengi ya eneo letu yalitumika kwanza Japani, na kitabu chake huwa cha Kijapani. Usikitupe: michoro yake huonyesha ilipo pete na lilipo tundu. Tena, kabla ya kununua gari lililotumika, hakikisha pete imo. Ikiwa imepotea, nunua ya aina ile ile ya gari; ya gari jingine yaweza kuingia nusu tu, nayo itachomoka.

Kuifunga

Izungushe kwa mkono hadi ikaze, kisha pitisha spana ya magurudumu katika tundu la pete na umalizie nayo. Shina lote la hesi lazima lizame. Pete iliyoingia zamu mbili tatu tu ni hatari kuliko kukosa pete kabisa, kwa maana humfanya mtu ajidhani yu salama. Ikikataa kuingia, usiilazimishe: magari kadhaa ya Ulaya, kama ya Volkswagen na Audi, yana pete ya hesi ya kushoto, ambayo hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha mazoea.

Mahali pasipofungwa kamba

Usifunge kamba kwenye bampa, kwenye mikono ya magurudumu, wala kwenye fimbo za usukani. Chini ya gari pia mna vitundu na vikulabu vyembamba vya kulifungia gari melini au juu ya lori lisicheze. Hivyo havikuundwa kwa kuvutia.

Wakati wa kuvuta

Kamba inayovutwa hutanuka na kuhifadhi nguvu kama upinde. Ikikatika, au chuma kikichomoka, nguvu hiyo yote huachiliwa kwa nukta moja. Kwa sababu hiyo:

1. Watu wote, na watoto kwanza, wakae mbali kwa umbali uzidio urefu wa kamba. Asiruke mtu juu ya kamba wala kusimama kati ya magari mawili.
2. Tundika blanketi au koti zito katikati ya kamba. Likikatika jambo, litapunguza mrusho.
3. Vuta kwa kunyooka. Pete ya kuchomeka hupinda ikivutwa kwa ubavu.
4. Anza taratibu hadi kamba ikaze, kisha endelea. Usivute kwa kushtua.
5. Gari lililozama matopeni lichimbuliwe kwanza mbele ya magurudumu. Pete ya gari la spoti haikukusudiwa kung'oa gari lililonaswa.

Katika gari linalovutwa awemo dereva mwenye leseni. Ufunguo uwe umewashwa kiasi cha kuachilia usukani, la sivyo usukani hujifunga. Injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito mno. Dereva ajue mapema kwamba atahitaji nguvu nyingi. Gia iwe huru, breki ya mkono iachiliwe, na taa za dharura ziwake.

Wakati wa kutovuta kabisa

Katika gari la gia otomatiki, pampu ya mafuta ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikilala, mafuta hayazunguki, na giaboksi huungua gari likivutwa mbali au kwa kasi. Fuata mipaka iliyomo katika kitabu cha gari. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, kama Impreza, lisiinuliwe magurudumu mawili huku mengine yakibiringika. Lipakiwe lote juu ya bredauni.

Vivyo hivyo penye kivuko ambapo upande wa kuendeshea hubadilika. Pale Rusumo, juu ya mto Kagera, atokaye Tanzania huacha kushoto na kushika kulia aingiapo Rwanda. Magari mawili yaliyofungwa kamba hayana wepesi wa kubadili upande katikati ya malori. Sogezeni gari kando, wekeni alama za pembetatu, mkawaite askari waongoze njia. Na gari lenye mafuta yanayovuja lisiguswe. Watu waondoke kwanza.

Zoezi la nyumbani

Wenye magari, leo kabla ya jua kutua fungueni buti, itafuteni pete, ifungeni mbele na nyuma palipo na tundu, kisha irudisheni mahali pake. Vijana wasaidizi wa barabarani, jizoezeni kumwuliza dereva swali moja kabla ya kushika kamba: "Pete yako iko wapi?" Asipoijua, itafuteni kwanza pamoja naye, na kamba ingoje.