Kasuku Mkubwa wa Kijani

Mkazi wa Kimbo, karibu na Ruiru, atakaye kumwona kasuku mkubwa wa kijani na apande hadi misitu ya Aberdare. Urefu wake hupata kama sentimeta 28. Aliyekomaa hutambulikana kwa manyoya mekundu ya rangi ya chungwa penye paji la uso, mabegani na mapajani. Makinda hawana bado alama hizo. Hula mbegu za miti ya podo na mierezi. Asubuhi na jioni makundi huruka juu sana yakipiga kelele, nawe huyasikia kabla ya kuyaona. Hutaga mayai ndani ya tundu la mti mkongwe. Basi akataye mti wa namna hiyo humbomolea ndege nyumba, kwani mti mchanga hauna tundu.