Mto Mbele ya Sheria: Maswali na Majibu ya Marudio

Swali la 1. Sheria ya mazingira tuliyoizoea inamlinda nani?
Binadamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kenya imepiga hatua zaidi: chini ya ibara ya 70 ya Katiba ya 2010, mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Shika kipengele hicho: mazingira yanaweza kutetewa hata kama hakuna binadamu aliyeumia.

Swali la 2. Mto Whanganui ulipataje kuwa mtu kisheria?
Mto huu wa New Zealand una urefu wa kilomita 290 hivi. Wamaori wa bonde lake wanauhesabu kuwa mzee wa ukoo. Serikali iliuona kama njia na mali: mitego yao ya mikunga iling'olewa ili meli za mvuke zipite, kokoto zikachimbwa, na baadaye maji ya juu yakageuzwa kwenda kuzalisha umeme. Wenyeji walianza kulalamika tangu karne ya 19. Mwaka 2017 Bunge liliutambua mto kuwa mtu kisheria na kitu kimoja kilicho hai, tangu milimani hadi baharini. Sehemu za sakafu ya mto zilizokuwa za serikali zilikabidhiwa mto wenyewe. Hapa ndipo wengi huteleza, wakiandika kwamba walipewa Wamaori. Wasemaji wake ni wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa koo za bondeni.

Swali la 3. Je, haki za namna hii zina nguvu mahakamani?
Zinayo. Katiba ya Ekuador ya 2008 inatambua haki za mazingira asilia, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilizuia uchimbaji madini katika msitu wa Los Cedros.

Swali la 4. Na Afrika Mashariki?
Uganda nayo imetambua haki za mazingira asilia, katika kifungu cha Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019. Mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea haki hizo. Ila kanuni lazima kwanza zitaje maeneo yanayohusika. Bila kanuni, kifungu hicho hakina meno.

Swali la 5. "Mto hausemi, basi hauwezi kuwa na haki." Jadili.
Kampuni nayo haisemi, lakini hushtaki kila siku kupitia wakili. Wala wazo la kulinda asilia si geni kwetu: wazee wa Kimijikenda wa pwani ya Kenya wamekataza kwa vizazi kukata miti ya kaya, yaani misitu yao mitakatifu, na misitu hiyo imo katika Urithi wa Dunia tangu 2008. Mtahiniwa, itaje kaya katika jibu lako: ni ushahidi wa nyumbani, na una uzito.