Ukarabati wa Mabango ya Propaganda ya Vita: Kuhifadhi au Kughushi?

Makala haya yanashikilia kuwa bango la vita ni matini. Anayelikarabati hana budi kuyaheshimu maneno yake kama mhariri anavyouheshimu muswada wa kale.

Mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilichapisha takriban nakala milioni 2.5 za bango la “Keep Calm and Carry On”, lililowahimiza raia watulie na kuendelea na shughuli zao. Nyingi zilisagwa mwaka 1940 karatasi ilipoadimika. Nakala moja iliibuka mwaka 2000 katika duka la vitabu mjini Alnwick, na sasa nakala bandia zimezagaa.

Karatasi nyingi za wakati huo zina asidi, hivyo hugeuka manjano na kumeguka. Mhifadhi hupima kwanza iwapo wino unastahimili maji, ndipo aoshe, apunguze asidi, kisha aunge mipasuko kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, inayoweza kubanduliwa baadaye.

Je, herufi iliyotoweka irejeshwe? La, isipokuwa kuwe na nakala nyingine ya kuithibitisha. Propaganda ni ushahidi wa namna dola inavyoamrisha kwa lugha. Anayebuni neno huharibu ushahidi huo.