Intaneti kwenye Kishikwambi: Kuanzia Laini Hadi Bando

Kijitabu kwa walimu, wahudumu wa afya, wanafunzi na kila aliyekabidhiwa au kununua kishikwambi

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi walivyotumia makarani kuhesabu watu nyumba kwa nyumba vilikabidhiwa kwa walimu. Wengi waliovipokea walikuwa hawajawahi kumiliki kifaa cha aina hiyo. Walikuwa na simu zao, wanazijua ndani nje, wakadhani kishikwambi ni simu yenye kioo kikubwa. Sivyo, na ndiyo maana tumeandika kijitabu hiki.

Katika mafunzo tunayotoa, mwalimu mmoja alikuja na lalamiko ambalo tumelisikia mara nyingi: "Nimeunga bando la wiki, na jana nimeunga tena, lakini hiki hakiingii mtandaoni." Tulipokagua, kishikwambi kilikuwa kizima na laini ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa mahali pengine. Kwa kuwa kishikwambi chake hakina sehemu ya kupigia simu, kila alipotaka kuunga bando alichukua simu yake ya mkononi na kupiga menyu ya mtandao. Bando likaingia kwenye laini ya simu. Laini iliyokuwa ndani ya kishikwambi haikuwa na hata shilingi moja. Mabando mawili ya wiki yalikaa kwenye simu ambayo yeye huitumia kupiga na kupokea tu.

Hakuna aliyemwibia. Hakuelezwa tu. Tunaandika ili wewe uelezwe kabla hujatoa fedha.

Je, kishikwambi chako kinapokea laini?

Anza hapa, hasa kama bado hujanunua. Vishikwambi vipo vya aina mbili: vinavyopokea laini ya simu, na vinavyotumia Wi-Fi peke yake. Kwa kuvitazama dukani vinafanana kabisa, na si kila muuzaji atakuambia.

Alama ya uhakika ni namba ya IMEI. Ni namba ya tarakimu 15 ambayo kila kifaa kinachozungumza na minara ya simu lazima kiwe nayo. Kama kishikwambi kina sehemu ya kupigia, bonyeza *#06# nayo itatokea. Kama hakina, ingia kwenye Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, ushuke mpaka sehemu inayoeleza habari za kifaa. Ukikuta IMEI, kinapokea laini. Ukiikosa hapo na kwenye boksi lake pia, kifaa hicho ni cha Wi-Fi tu, na hakuna fundi atakayekiwekea laini. Usikubali kuuziwa maneno.

IMEI ina kazi nyingine pia. Tarehe 16 Juni 2016 vifaa vyenye IMEI bandia vilizimwa kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na maelfu ya watu wakaamka simu zao hazishiki mtandao. Kifaa chenye namba bandia kinaweza kukukatikia wakati wowote, kwa hiyo linganisha namba iliyo ndani ya kishikwambi na ile iliyo kwenye boksi. Zisipolingana, rudisha.

Wenye ndugu ughaibuni wawe makini na mambo mawili. Kishikwambi kilichonunuliwa Marekani kwa mkopo wa kampuni ya simu ya huko huweza kuwa kimefungwa kwa mtandao huo, na laini ya hapa ikiwekwa kitaikataa. Aliyekinunua ndiye anayepaswa kuomba kifunguliwe kabla ya kukituma. Pili, iPad Pro na iPad Air zilizotoka kuanzia 2024 hazina tundu la laini kabisa. Hutumia eSIM, yaani laini isiyo na kadi, ambayo kampuni ya simu huiingiza kwa njia ya mtandao. Kabla hujaagiza kifaa cha namna hiyo, nenda kwenye duka la kampuni unayoitumia ukaulize kama watakuwekea.

Laini iwe ya jina lako, na kidole chako ukilinde

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Unatakiwa uwe na namba ya kitambulisho cha NIDA, yenye tarakimu 20, pamoja na kidole chako mwenyewe. Hakuna njia ya mkato halali. Anayekuuzia laini "iliyokwisha sajiliwa" anakuuzia laini ya mtu mwingine, na siku mwenyewe akiifuta, umepoteza namba na bando.

Kama tayari una laini ya mtandao huohuo kwenye simu, mwambie wakala mapema kwamba hii ya pili ni ya kishikwambi, ili aisajili kwa utaratibu unaotakiwa.

Hapa tunaomba usome taratibu. Unapokwenda kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli kando ya stendi, atakupa kifaa cha kusomea kidole. Unaweka. Anakitazama, anatikisa kichwa: "Kidole kimegoma, weka tena." Unaweka tena. Mara nyingi ni kweli kimegoma, kwa sababu mikono ya wakulima, mafundi na mama lishe huchakaa alama, na vumbi au jasho huzuia kusomeka. Lakini wapo mawakala wasio waaminifu: safari ya kwanza kidole kilikubali, na hiyo ya pili wanasajilia laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo huuzwa kwa matapeli. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ukimfikia mtu na akaibiwa, jina litakalotokea polisi ni lako.

Kwa hiyo akisema kimegoma, mwombe akuonyeshe kioo kabla hujaweka kidole mara ya pili. Una haki ya kuona. Ukifika nyumbani, piga *106# kwenye simu yako, ufuate maelekezo ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika wakaifute. Huduma hii kila Mtanzania mwenye laini anapaswa kuitumia, na inasikitisha kwamba wengi hawajawahi hata kuisikia.

Kuichomeka laini

Zima kishikwambi. Tafuta kitrei pembeni, chenye kitundu kidogo kama cha sindano. Chomeka pini iliyokuja kwenye boksi, au kipini cha karatasi kilichonyooshwa, usukume moja kwa moja bila kuinamisha. Kitrei kitatoka. Angalia kitundu unachokichoma ni cha kitrei kweli, maana vishikwambi vingi vina kitundu kingine kinachofanana nacho, na hicho ni cha maikrofoni. Ukikichoma waweza kuiharibu.

Laini za siku hizi huja na ukubwa wa aina tatu kwenye kadi moja. Vifaa vingi vipya hutumia ile ndogo kabisa, nano, yenye urefu wa milimita 12.3 na upana wa milimita 8.8. Ibanue kwa vidole ukifuata alama zilizokatwa kiwandani. Tafadhali usiikate kwa mkasi. Kama laini yako ni ya zamani na ni kubwa, kampuni itakubadilishia kadi na namba itabaki ileile.

Laini ikiwa na PIN, utaombwa uiandike kishikwambi kinapowaka. Ukikosea mara tatu itajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu nane iliyochapwa kwenye kadi kubwa uliyoibanulia laini. Usibahatishe: PUK ikikosewa mara kumi, laini imekufa. Kadi ile iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Kuwasha data

Kishikwambi kikiwaka, tazama juu ya kioo. Vijistari vya minara vikionekana, laini imesoma. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao, halafu mtandao wa simu, uwashe data. Pembeni ya vijistari itatokea herufi. 4G au 5G maana yake uko vizuri. H au 3G itatosha kusoma na kutuma barua pepe. E ni mtandao wa kizazi cha pili, na kwa herufi hiyo usitarajie video wala kufungua fomu nzito. Vijistari bila herufi yoyote maana yake mnara umekutambua lakini mlango wa intaneti haujafunguka.

Mlango huo unaitwa APN. Ni jina fupi linalokiambia kifaa kipite wapi kwenye mitambo ya kampuni ili kifike mtandaoni. Mara nyingi hujijaza lenyewe dakika chache baada ya laini kuwekwa. Lisipojijaza, piga 100, huduma kwa wateja, kwa simu yenye laini ya mtandao huohuo, uwaombe APN ya intaneti. Iandike kwenye karatasi herufi kwa herufi. Kisha ingia sehemu ya mtandao wa simu, ufungue APN, ubonyeze alama ya kujumlisha. Kwenye jina andika lolote upendalo. Kwenye APN andika ulichoambiwa, herufi ndogo, bila nafasi. Jina la mtumiaji, nywila na visanduku vingine viache vitupu, isipokuwa kama umeambiwa vinginevyo.

Wengi huishia hapo wakarudi nyuma, na kila walichoandika kikapotea. Bonyeza nukta tatu juu ya kioo, uchague kuhifadhi. Ukirudi kwenye orodha, gusa kiduara kilicho mbele ya APN yako mpaka kijae. Zima kifaa, washa.

Bando bila sehemu ya kupigia

Hapa ndipo yule mwalimu alipokwama. Kwetu bando linaungwa kwa menyu za nyota na reli, na vishikwambi vingi haviwezi kuzipiga. Njia ziko tatu. Unaweza kuitoa laini, kuiweka kwenye simu, ukaunga na kuirudisha. Ni njia ya kuaminika, ila kitrei kikifunguliwa kila wiki kitalegea. Unaweza kupakua programu ya kampuni yako ya simu kwenye kishikwambi chenyewe, ukanunulia humo. Inahitaji intaneti mara ya kwanza, hata ya kuazima. Njia tunayoipendekeza ni ya tatu: kwenye simu yako, ingia menyu ya vifurushi au ya pesa kwa simu, uchague kumnunulia mtu mwingine, kisha uandike namba ya laini ya kishikwambi. Iandike namba hiyo nyuma ya kava. Watu wachache sana wanaikumbuka kwa kichwa.

Kuna jambo linalofuatana na hili. Kanuni za vifurushi ambazo TCRA ilizitoa 2021 zinaitaka kampuni ikutaarifu matumizi yakifika asilimia 75 na bando linapokwisha. Taarifa hizo huja kwa ujumbe mfupi, na kishikwambi kisichopokea ujumbe hakitakuonyesha. Usisubiri kuarifiwa. Fungua Mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, uweke kikomo: kama umenunua GB 2, kiambie kifaa kikuonye kwenye GB 1.5 na kikate kwenye GB 2.

Bando linakokwenda

"Sijafanya chochote na bando limeisha." Tunawaamini wanaosema hivyo. Kweli hawajafanya chochote. Kishikwambi ndicho kilichofanya. Sasisho moja la mfumo laweza kufika GB 1, na programu zilizomo nazo hujisasisha zenyewe usiku. Picha hupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kuuliza. Video hucheza zenyewe unapopitisha kidole, na saa moja ya video yenye ubora wa juu hupita GB 1 kwa urahisi.

Fungua duka la programu, uagize masasisho yafanyike kwa Wi-Fi pekee. Washa Kiokoa Data. Kwenye video chagua ubora wa chini. Mwanafunzi ataiona hesabu ubaoni vilevile.

Kama unatumia kishikwambi mara moja moja, pengine huhitaji laini ya pili kabisa. Simu yako yaweza kurusha hotspoti, na kishikwambi kikaidaka kama Wi-Fi. Ila kishikwambi huenda kisijue kwamba Wi-Fi hiyo ni bando lako, kikadhani ni ya bure na kuanza kujisasisha. Kwa hiyo baada ya kuunganisha, gusa jina la hotspoti kwenye orodha ya Wi-Fi, uichague kuwa mtandao unaopimwa. Jambo dogo hili limeokoa mabando mengi kuliko lolote tunalofundisha.

Mlioko Namanga, Tunduma, Mutukula na vijiji vya mpakani, zimeni matumizi ya data kwenye mitandao ya nje. Mnara wa jirani ukiwa na nguvu kuliko wa kwenu, kifaa huhamia huko kimyakimya, na gharama zake ni nyingine kabisa.

Mtu akikupigia akidai ni wa huduma kwa wateja na kukutaka umtajie namba ya siri au umtumie namba iliyoingia kwa ujumbe, kata. Namba yake itume kwenda 15040.

Na kabla hujaweka kijitabu hiki chini, chukua simu yako upige *106#. Zihesabu laini zilizo kwa jina lako, kisha mwonyeshe jirani naye apige.