Macho Hayana Pazia

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Kiletwacho mbele yake huonwa, tupende tusipende. Zamani maneno hayo yalihusu njia na soko. Siku hizi ulimwengu mzima umeingia chumbani. Baba huamka, na kabla hajamjulia hali mkewe amekwisha kuona katika simu yake ajali, mauaji, na vita vya nchi asiyoweza kuionyesha katika ramani. Jioni, wakati wa chakula, televisheni hurudia yale yale. Kisha twajiuliza usingizi umekwenda wapi.

Jambo hili limechunguzwa. Tarehe 15 Aprili, 2013, mabomu mawili yalilipuka penye mwisho wa mbio za marathoni mjini Boston, Marekani, yakaua watu 3 na kujeruhi mamia. Majuma machache baadaye wataalamu waliwahoji watu zaidi ya 4,600. Wakaona kwamba wale waliofuata habari za mabomu hayo kwa saa 6 au zaidi kila siku, katika juma la kwanza, walikuwa na dalili nyingi zaidi za fadhaa kuliko hata wale waliokuwapo penye mlipuko au karibu yake. Hatusemi kwamba habari peke yake ndiyo sababu, maana mwenye hofu naye huzitafuta zaidi. Hofu huitafuta habari, na habari huilisha hofu.

Kwa nini iwe hivyo? Akili ya mtu huishika hatari upesi kuliko jema, kwa kuwa hatari yaweza kuua. Tena, habari ni jambo lililotoka nje ya kawaida: basi lililopinduka huandikwa, yale mengi yaliyofika salama hayaandikwi. Asomaye ajali tu, mwishowe huamini kwamba hakuna basi lifikalo. Na picha hurudiwa. Tarehe 11 Septemba, 2001, minara miwili ya New York ilianguka mara moja tu. Katika televisheni ilianguka mchana kutwa na usiku kucha. Mtu mzima alijua ni picha ile ile. Mtoto mdogo aweza kudhani kila mara umeanguka mnara mwingine.

Wasomaji watastaajabu kwamba maneno haya yatoka katika gazeti, maana sisi wenyewe kazi yetu ni habari. Lakini mwuza chumvi hapaswi kumshauri mtu aimwage yote chunguni. Hata Shirika la Afya Duniani, ambalo Machi 2020 lilitaka kila mtu aujue ugonjwa wa Korona, liliwashauri watu papo hapo wapunguze habari ziwatiazo wasiwasi, wazitafute kwa saa maalumu, mara moja au mbili kwa siku.

Mwingine atauliza: Je, tuwape kisogo wanaoteseka? La hasha! Kuyajua mateso ya wenzetu ni wajibu. Ila aliyelemewa na taabu mia asizoweza kuziondoa, hubaki bila nguvu kwa ile moja iliyo mlangoni pake. Wangapi kati yetu twajua idadi ya waliokufa ng'ambo jana, wala hatujui kwamba mama wa nyumba ya tatu ana siku nne kitandani?

Basi twawashauri wazazi mambo matatu. Kwanza, wekeni saa ya habari, na saa hiyo isiwe ya kulala wala ya kula. Pili, mkisikia jambo zito, lisomeni mara moja kwa makini katika chombo cha kuaminika, kisha ongeeni na watoto juu yake. Msiwaache peke yao mbele ya picha. Tatu, kila habari iulizeni: Yatudai nini? Ikiwa yadai msaada, toeni. Ikiwa yadai tahadhari, jihadharini. Ikiwa haidai ila kutazamwa tena, izimeni.

Macho hayana pazia, lakini nyumba inayo, na mkono wa kulifunga ni wetu. Aifungaye usiku hakuukana ulimwengu. Apumzika, ili kesho aamke na moyo wa kubisha hodi kwa jirani.