Kutafuta Uhai Katika Bahari Iliyofichika

Mwanafunzi akiulizwa uhai hutegemea nini, jibu la kwanza huwa ni maji. Jibu hili ni sahihi, lakini halitoshi. Katika makala haya tutaeleza kwa nini halitoshi, tukitumia mfano wa Enceladus, mmojawapo wa miezi ya sayari ya Zohali.

Mwezi huu uligunduliwa na William Herschel mwaka 1789. Kipenyo chake ni kilomita 500 hivi, na uso wake ni barafu yenye baridi ya nyuzi 200 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Mwaka 2005 chombo cha angani kiitwacho Cassini, kilichorushwa mwaka 1997, kiligundua mvuke na chembe za barafu zikiruka kwa kasi kutoka katika nyufa zilizo kwenye Ncha ya Kusini ya mwezi huo. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa chini ya ganda la barafu imo bahari ya maji ya chumvi.

Je, ni nini kinachoyazuia maji hayo yasigande, hali Jua liko mbali mno? Enceladus huizunguka Zohali kwa muda wa saa 33 hivi, lakini njia yake si duara kamili. Unapoikaribia sayari huvutwa kwa nguvu zaidi. Unapojitenga nayo mvuto hupungua. Kwa hiyo mwezi huo hubanwa na kulegezwa daima, na msuguano wa ndani huleta joto. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani: kunja waya na kuukunjua mara nyingi, kisha gusa pale ulipokunjwa.

Tumepata maji na joto. Sasa yafaa tuulize: chakula kitatoka wapi? Katika bahari yenye giza, usanidinuru hauwezekani. Lakini mwaka 1977 wachunguzi waligundua, chini sana baharini karibu na visiwa vya Galápagos, chemchemi za maji moto zilizozungukwa na viumbe wengi. Huko nishati ya uhai hutokana na kemikali, wala si nuru ya Jua.

Mwezi Oktoba 2015 Cassini ilipita katikati ya mvuke wa Enceladus, kilomita 49 tu juu ya uso wake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kuwamo kwa haidrojeni. Hapa duniani wako vijidudu wanaojipatia nishati kwa kuunganisha gesi hiyo na kaboni dayoksaidi na kutoa methani:

CO₂ + 4H₂ → CH₄ + 2H₂O

Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa fosforasi nayo, ambayo viumbe wote wanaihitaji, imepatikana katika chembe zilizotoka humo.

Hata hivyo, mwanasayansi hana budi kujihadhari. Haidrojeni huweza kutokea maji ya moto yanapokutana na mwamba, pasipo kiumbe chochote. Tena, kama walaji wamo, mbona gesi nyingi imebaki? Chakula kilichobaki chunguni hakituambii kama nyumba haina watu, au kama walaji ni wachache kuliko chakula chenyewe. Cassini haikuwa na vifaa vya kutambua uhai. Tarehe 15 Septemba 2017 iliongozwa kuzama katika Zohali, ili isije ikapeleka vijidudu vya duniani kwenye miezi hiyo.

Chombo kingine, Europa Clipper, kilirushwa mwezi Oktoba 2024 kuelekea Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, na kinatazamiwa kufika mwaka 2030. Nacho kitachunguza kama mazingira ya huko yanafaa kwa uhai. Kuonyesha kwamba nyumba yafaa kukaliwa ni jambo moja. Kumwona mwenye nyumba ni jingine.

Maswali
1. Taja mambo matatu yanayohitajiwa na uhai, na ushahidi wa kila moja katika Enceladus.
2. Eleza kwa nini haidrojeni peke yake si ushahidi wa uhai.
3. Kama ungetengeneza chombo cha kwenda huko, ungekipa kazi ya kupima nini? Toa sababu.