Sabuni ya vyombo: ukinunua Kangemi, Nairobi

Usichague kwa povu. Kama maji unanunua kwa mtungi wa lita 20, povu jingi litakumalizia mtungi kwenye kusuuza. Uzito nao hudanganya: sabuni ya maji ya kupimiwa sokoni hufanywa nzito kwa chumvi ya kawaida tu. Nunua kidogo kwanza, uijaribu kwenye sufuria ya nyama yenye mafuta yaliyoganda. Ukisuuza na sufuria bado inateleza, tafuta sabuni nyingine. Sabuni ikichoma vidole au kuifanya sufuria ya alumini kuwa nyeusi, huenda ina soda kali (caustic soda) nyingi. Kwa sabuni ya chupa yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakikisha alama ni halali: tuma SMS ya SM# na nambari ya kibali kwa 20023. Ukoko wa ugali loweka kwanza, sabuni baadaye.